Mlango wa Bluu wa Papa Selemani

Nilikosa. Niseme hivyo mwanzo kabisa, kabla sijaanza kujitetea, maana kujitetea ninakujua sana. Mdomo ndio kazi yangu, na mdomo ndio ulioniponza.

Msomaji, sogea karibu nikueleze ujinga wangu. Ukitaka kucheka, cheka. Mimi mwenyewe nimejicheka mpaka nimechoka.

Mimi ni mwalimu wa Kifaransa hapa Bukavu. Wakati ninaousema, vita ya kwanza ilikuwa imeshatupitia, wakombozi wameingia mjini, na wenzao wanaendelea kutembea kuelekea Kinshasa kumwondoa mkubwa wa zamani. Siku za wiki nilikuwa nafundisha. Jumapili nilikuwa natafsiri kanisani.

Mtu wa Bukavu anaijua kazi hiyo. Mhubiri mgeni anasema Kifaransa, mtafsiri anasimama kando yake anayatoa maneno yake kwa Kiswahili. Mhubiri akiruka, unaruka. Akilia, unalia. Na akiwa baridi, ni juu yako kumpasha moto, maana watu wametoka mbali na huwezi kuwarudisha nyumbani hivi hivi. Yeye anatoa sentensi moja, mimi natoa tatu. Ibada ikiisha, wamama wananishika mkono: "Mwalimu, pasteri njo weye! Ule mugeni anakusaidiaka tu."

Nami niliamini kwamba mhubiri ndiye mimi! Kichwa kilinivimba, sijui hata kilikuwa kinapitaje kwenye mlango wa kanisa.

Kiswahili hicho nilikipata wapi? Kwa Papa Selemani. Alikuwa Mwislamu mfanyabiashara, watu wake ni wa Uvira, na babu zake walitoka pwani. Duka lake lilikuwa mtaa wa Kadutu, ng'ambo ya uwanja wa mpira, lenye milango miwili ya mbao iliyopakwa rangi ya bluu. Nilipokuwa secondaire nilikuwa nashinda pale baada ya masomo, namsaidia kukunja vitenge, naye ananisahihisha maneno. Hakuwa na haraka. Alinifundisha kusema polepole, na alikuwa na agizo moja ambalo hakuchoka kulirudia: "Mwanangu, sema na mtu wa nyuma. Wa mbele atasikia tu."

Weka neno hilo mfukoni. Tutalihitaji.

Basi akaja Kamarade. Jina lake lingine siliandiki. Alikuwa amezaliwa Kinshasa, kisha akakaa Ulaya miaka mingi akisoma habari za wakulima, na wakombozi wakamtuma kwetu atufundishe mamlaka ya umma. Kiswahili chake kilikuwa "jambo" na "chakula". Walikuwa wanatafuta mtu wa kumtafsiria, wakaambiwa yuko mwalimu mmoja kanisani anayewaliza hata wasiotaka kulia. Nikaitwa. Nilikwenda mbio.

Kamarade alikuwa anavaa kandambili. Kila mkutano, mvua au jua, kandambili! Alikuwa anainua mguu mmoja juu ya jukwaa watu wauone, halafu anasema yeye ni mtoto wa maskini. Watu walikuwa wanalia kwa furaha. Mimi niliyepanda naye jeep nilikuwa najua viatu vyake vya ngozi viko chini ya kiti, vimefungwa ndani ya gazeti, pamoja na pomadi ya malengelenge. Miguu yake ilikuwa haijazoea umaskini, ilikuwa inamuuma sana.

Nilijua, na nilinyamaza. Hilo ni kosa la kwanza, lakini ni dogo. Twende mbele.

Mkutano wa kwanza, Kamarade alisema dakika kumi juu ya mabepari na migongano ya matabaka. Mimi na diploma yangu sikushika hata nusu. Nikawatazama watu: wamama wa soko, wabeba mizigo, wanafunzi wasio na masomo. Wote walikuwa wanaangalia mawingu. Niliona aibu, ndugu yangu, aibu ya mpishi ambaye wageni wamesukuma sahani. Basi nikafanya kama ninavyofanya kanisani.

"Kamarade anasema: wanaokula jasho lenu, siku zao zimekwisha! Kamarade anasema: shamba ni la anayelima! Mzigo ni wa anayeubeba!"

Uwanja ukalipuka. Wabeba mizigo walirusha kofia juu. Kamarade alishtuka kidogo, kisha akatabasamu, na kuanzia hapo akawa anafupisha. Kufika mkutano wa tatu, yeye alikuwa anainua ngumi na kutamka neno moja tu, "Le peuple!", yaani umma, nami ninaendelea peke yangu dakika mbili nzima.

Mji ulimpenda! Wamama wa Kadutu walikuwa wanasema: "Ule papa iko mutu ya kwetu. Anajua njaa yetu." Njaa ambayo hakuwahi kuitaja hata mara moja! Ni mimi niliyeitaja, maana ilikuwa kwangu nyumbani. Lakini nilikuwa naona raha. Nikipita sokoni wananipungia, nami ninatembea polepole makusudi ili wasinikose.

Sasa chumvi.

Barabara ya Uvira ilikuwa imefungwa na chumvi ikapotea mjini. Mke wangu, Maman Neema, alipika sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, bila chumvi wiki mbili. Nikaenda kwa Papa Selemani. Akaniambia: "Imekwisha, mwanangu. Hata kwangu tunakula hivyo hivyo." Jibu hilo halikunipendeza. Mimi, mtu wa jukwaani, nijibiwe kama mtu yeyote? Nikatupa jicho nyuma yake, nikaona magunia yamefunikwa turubai. Sikuuliza ni ya nini. Kuuliza kungenichukua pumzi moja. Niliaga nikaondoka na kinyongo changu, nikala sombe yangu chapwa.

Siku tatu baadaye tulikuwa na mkutano mkubwa pale uwanja wa Kadutu. Kamarade akasema maneno yake ya maadui wa umma wanaojificha ndani ya uchumi. Maadui gani hao? Mtu wa soko atawaonaje? Mtafsiri mzuri hutafuta mfano. Nikainua macho nitafute mfano wangu, yakavuka vichwa vya watu, yakavuka uwanja, yakafika kwenye milango ya bluu.

Nikasema. Ee Mungu wangu, nilisema vizuri!

"Adui hayuko Kinshasa! Mnapika sombe bila chumvi, na chumvi iko hapa hapa, nyuma ya milango ya bluu!"

Nikanyoosha mkono. Kamarade aliponiona nanyoosha mkono, naye akanyoosha wake. Hakujua tunaonyesha nini! Sote wawili tukasimama pale na mikono yetu kama wapima ardhi.

Makofi yalikuwa makubwa kuliko yote niliyowahi kupigiwa, na nitakuambia ukweli: kwa muda wa pumzi mbili nilikuwa mtu mwenye furaha kupita wote Bukavu. Kisha watu wakageuka, wakatupa migongo. Uwanja ukaanza kumwagika upande wa pili. Tukabaki wawili jukwaani, mimi na Kamarade, na kipaza sauti kinachopiga mluzi.

"Wanakwenda wapi?" akaniuliza kwa Kifaransa.

Nikamjibu kwa Kifaransa safi, bila kosa hata moja: "Sijui."

Walivunja duka. Wakavuta magunia yale nje, na bwana mmoja mwenye haraka akatia kidole akalamba. Ilikuwa chokaa! Chokaa ya kupaka msikiti kabla ya Idi. Wanasema alitema mate mpaka kesho yake. Chumvi haikuwepo, hata punje. Lakini watu mia wakishaingia dukani kwa mtu hawatoki kuomba radhi. Walibeba vitenge, masufuria, mizani, mbao za rafu. Mwisho wakang'oa na milango.

Mimi sikuwepo. Nilikuwa nyumbani nimejifungia, nasahihisha kazi za wanafunzi ambazo nilikuwa nimeshazisahihisha.

Siku mbili baadaye narudi kutoka shuleni, namkuta shemeji yangu anapigilia mlango kwenye jiko letu. Jiko hilo lilikuwa na gunia tu, halijapata kuwa na mlango tangu tuhamie. Mlango ulikuwa wa bluu.

"Maman Neema, ile mulango imetoka wapi?"

"Niliipata."

"Kwa nani?"

"Kwa peuple," akanijibu, anachagua maharagi yake. "Si njo weye ulisema vitu iko ya batu? Ao siye hatuko batu, Papa Neema?"

Kweli, hata sisi tulikuwa watu, na maneno yalikuwa yangu. Shemeji aliniomba nimshikie msumari, na nilimshikia! Na aibu nyingine: mlango ulikuwa mzuri. Moshi haukuingia tena chumbani.

Nikaenda kwa Kamarade. Nilimkuta ameloweka miguu ndani ya beseni. Nikamweleza kila kitu: kwamba yule mzee hana hatia, kwamba yale ya chumvi na milango hakuyasema yeye, niliyaongeza mimi. Nilidhani atakasirika juu ya duka.

"Basi mimi nilikuwa nimesema nini?" akauliza.

Nikamwambia alichokuwa amesema.

Aliutoa mguu mmoja ndani ya maji. "Na watu walipigia makofi neno lipi?"

Nikamwambia ukweli. Niliona limemuuma, maskini, kuliko malengelenge. Lakini alikuwa mtu wa siasa, halikukaa. Akakausha miguu, akasema habari ile ya milango ni nzuri sana, kesho kwenye mkutano wa Kavumu niirudie. Nikamkumbusha kwamba ilikuwa chokaa. Akasema: basi sema chumvi aliihamisha. Kisha, bila hata kunitazama, akasema tukifika Kinshasa atahitaji mkurugenzi wa habari, mtu mwenye sauti.

Msomaji, hapa ndipo penyewe. Yale ya Kadutu ningeweza kuyaita upumbavu: mdomo ulitangulia, akili ikabaki nyuma. Ya Kavumu siwezi. Kavumu nilijua.

Nilisimama pale kandokando ya barabara ya Goma, mbele ya wakulima wasiomjua Papa Selemani wala duka lake, nikasema: "Tajiri yule wa Kadutu aliihamisha chumvi, akawaachia wananchi chokaa ili awacheke!" Niliinua sauti. Nilisema na mtu wa nyuma. Wakapiga makofi, nami nikainamisha kichwa kidogo, kama mtu mnyenyekevu.

Tuliporudi Bukavu uongo ulikuwa umetutangulia. Watu wakaniambia mimi mwenyewe, kama habari mpya: "Mwalimu, ulisikia? Ule muzee alitoroshaka chumvi!" Wengine walikuwa wameshaona lori lililoibeba, wakanitajia na rangi yake.

Papa Selemani hakugombana na mtu. Alikusanya kilichobaki, akashuka Luvungi kwa ndugu za mkewe, wanaolima kule bondeni. Binti yake Mwajuma, aliyeolewa hapa, akabaki. Mpaka leo akienda soko wanamwambia: "Mutoto ya chumvi, kwenu mulitufichaka, leo hatupunguze bei." Nimesikia kwa masikio yangu. Nilijifanya nachagua nyanya.

Kamarade alifika Kinshasa. Nilimwona kwenye televisheni ya jirani, ana tai, ana viatu vinavyong'aa. Nilimwandikia barua ya kumkumbusha ile kazi. Halafu nikaandika nyingine, nikidhani ya kwanza ilipotea! Ofisi yangu bado ninaingoja.

Vita ya pili ikaja, ikaja na mikutano yake na Kamarade wengine. Walinitafuta, nikasema koo linauma. Nyumbani kila asubuhi nilikuwa nafungua ule mlango nikachukue maji ya kunawa. Mvua ikinyesha ulikuwa unavimba na kukwama, nami ninausukuma kwa bega, na kila nikisukuma namkumbuka mwenyewe.

Asubuhi moja nikaanza kuung'oa.

"Na moshi?" Maman Neema akauliza.

"Tutarudisha gunia."

Alinitazama sana. Kisha akaingia ndani akaniletea nyundo, akaushika mlango upande wa pili usiniangukie.

Hebu nione siku ile: mwalimu mzima, tai shingoni, juu ya lori la mihogo, nimekumbatia mlango! Kila barriere, kila kizuizi cha barabarani, askari wananiuliza.

"Hii mulango ya nini?"

"Naipeleka kwa mwenyewe."

"Mwenyewe iko na nyumba?"

"Sijui, chef."

Walicheka mpaka wakasahau kuniomba sigara. Kwenye kona za mteremko wa Ngomo upepo uliushika nikadhani tutaruka wote wawili. Nikajiambia ingekuwa haki.

Papa Selemani nilimkuta Luvungi, amekaa kando ya barabara juu ya kigoda, mbele yake nyanya na vitunguu juu ya gunia. Alikuwa amekonda, lakini kanzu yake ilikuwa safi, na kofia yake imekaa sawa kama zamani.

"Shikamoo, Papa," nikasema, kama alivyonifundisha.

"Marahaba, mwanangu."

Mwanangu! Afadhali angenitukana. Nilikuwa nimeandaa maungamo yenye utangulizi na hitimisho, nikaanza, naye akainua mkono.

"Nilikuwepo," akasema.

"Wapi, Papa?"

"Uwanjani, siku ile. Nilifunga duka nikaja kukusikiliza. Watu walikuwa wananiambia kila siku, nenda umsikie mtoto wako. Nikasimama nyuma kabisa, karibu na ukuta. Nilikusikia vizuri, hakuna neno lililonipotea. Nikamwambia jirani yangu: unamsikia huyu? Huyu nimemfundisha mimi. Nikapiga makofi." Akapanga nyanya moja juu ya nyingine. "Ulipotaja milango ya bluu, mikono yangu ilikuwa bado inapiga."

Nililia pale barabarani. Malori yalipita, watu walishangaa, nami nalia na mlango wangu. Mtu wa nyuma niliyekuwa nasema naye miaka yote alikuwa yeye!

Aliniacha nilie. Kisha akausogelea mlango, akapitisha kiganja juu ya rangi.

"Huu ni wa kushoto. Mvua ikinyesha ulikuwa unakwama."

"Bado unakwama, Papa."

Alicheka. Nyumba ya kuutia hakuwa nayo, na kule alikokaa milangoni kulikuwa na mapazia tu. Tukatafuta mawe manne, tukaulaza juu yake, akahamishia nyanya na vitunguu. Akarudi nyuma hatua mbili kuutazama, akasema meza hiyo ni kubwa kuliko biashara yake.

Nilipoaga alinishika mkono. "Duka sikudai. Lakini Mwajuma anaishi pale na jina langu. Rudi ulipolisemea, ukaseme. Kwa sauti ile ile."

Nilirudi. Jumamosi iliyofuata nikasimama uwanjani Kadutu, bila jeep, bila kipaza sauti, bila kandambili za mtu. Nikapaza sauti: "Ndugu zangu! Papa Selemani hakuficha chumvi! Mtafsiri alikosea!" Vijana wa mpira wakaniambia nitoke uwanjani, wana mechi. Mama mmoja wa ndizi akanionea huruma: "Mwalimu, chumvi iko mingi sasa. Juu ya nini unajichokesha?" Basi. Huo ndio uliokuwa mkutano wangu wa mwisho.

Na umesikia nilivyosema? "Mtafsiri alikosea"! Kama vile mtafsiri huyo ni mtu mwingine, anakaa mtaa wa pili! Hata nikiungama, natafsiri.

Ndiyo maana nimeandika hapa. Sasa wanasema mazungumzo ya amani yanakwenda vizuri, kura zinakuja, na nimeshaanza kuwaona wengine wanapita mitaani na kandambili mpya. Wapendeni mkitaka. Maskini kweli tupo, njaa kweli ipo, na anayeitaja hajakosa. Lakini akianza kuinua mkono kuonyesha mlango wa mtu, tafadhali, wewe uliye karibu na mlango huo, nenda kwanza ukaulize kwenye magunia mna nini. Na wewe unayemshikia kipaza sauti, mwenzangu mwenye sauti nzuri, makofi hayo ukiyapenda sana yatakufikisha nilipofika mimi.

Jina langu nimelificha. Nina wanafunzi, nina mke, na uoga haujanitoka. Lakini lake nalitaja: ni Selemani, Selemani wa milango ya bluu, Kadutu, baba yake Mwajuma. Hakuwa na chumvi. Ilikuwa chokaa ya msikiti.

Na wewe uliye nyuma kabisa, umenisikia?